Usukani Kulia, Gari Kushoto

Chukua karatasi ya karanga, ile iliyosokotwa kama pia, ukishamaliza karanga zenyewe. Ilaze mezani uisukume kwa kidole. Haitakwenda moja kwa moja. Itazunguka, mdomo mpana ukipita nje na ncha ikibaki ndani, mpaka ikurudie ulipo. Huko North Carolina, Marekani, mtu mmoja aliyewahi kuwa kibarua wa kiwanda cha pamba aliutumia ukweli huo wa karatasi ya karanga kulisha watoto watano. Jina lake Ralph Earnhardt. Mashindano yake yalikuwa ya kuzunguka uwanja wa udongo wenye umbo la yai, daima kwa mkono wa kushoto, na anatajwa miongoni mwa wa kwanza kutambua kwamba ukilivisha gari tairi la nyuma la kulia lenye mzingo mkubwa kuliko la kushoto, gari litataka lenyewe kukata kushoto hata kabla dereva hajagusa usukani. Ekseli ya nyuma imefungwa ikawa kitu kimoja, matairi yote mawili yanazunguka sawasawa, lakini la kulia kila likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi. Basi gari linajikunja.

Tofauti inayotakiwa ni ya inchi chache, na fundi huipima kwa utepe kama wa mshona nguo. Matairi ya zama zile hayakulingana hata yakitoka kiwanda kimoja siku moja: hili likijazwa upepo lilivimba, lile likagoma. Wengi waliona kasoro na kunung'unika. Ralph aliyapanga ukutani na kuchagua.

Ninayetaka kumzungumzia ni mwanawe, Dale, ambaye alizaliwa 1951 na akaja kuwa bingwa wa Marekani mara saba. Lakini sioni njia ya kumfikia bila kupita kwanza kwenye gereji ya baba yake.

Gereji hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba, Kannapolis, mji wa mataulo na mashuka ambao nyumba zake nyingi zilikuwa mali ya kiwanda. Kuacha kazi ya kiwandani ili ushindane kwa magari wikiendi kulikuwa kama kuacha mshahara uende ukavue bila mashua. Ralph alithubutu, na mwaka 1956 akatwaa ubingwa wa NASCAR wa daraja la Sportsman. NASCAR ndicho chombo alichokiasisi Bill France mwaka 1948 kusimamia mbio za magari ya stoku, yaani magari ya aina inayouzwa dukani, yaliyovuliwa viti na vioo na kutiwa injini yenye hasira. Ralph hakuwa mtu wa mbwembwe. Kwake zawadi ilitolewa mwishoni, si mwanzoni, na gari lililovunjika Ijumaa halikuleta unga Jumatatu. Alikaa nyuma, akaacha wenye haraka wagongane, kisha mizunguko ikibaki michache akaanza kuwapita mmoja mmoja.

Dale alikulia hapo akishika tochi na kupokea spana. Alipofika miaka 16 aliacha shule, akiwa darasa la tisa, na baba yake alikasirika kweli. Alioa mapema, akapata watoto mapema, akawa analehemu na kufunga matairi mchana ili usiku ashindane. Gari lake la kwanza la mbio, mwaka 1970, lilikuwa Ford la 1956, mali ya majirani, lenye rangi ya waridi. Mtu ambaye baadaye angetisha uwanja mzima kwa gari jeusi alianza na rangi ya kitenge cha harusi. Fedha za matairi alikopa kwa hati za siku 90, akitegemea kulipa kwa ushindi ambao hakuwa bado ameupata.

Sasa tuuangalie uwanja wenyewe, maana humo ndimo ufundi ulimozaliwa.

Uwanja wa udongo si barabara. Jioni kabla ya mbio lori la maji hupita likimwaga, na udongo mwekundu wa North Carolina, mfinyanzi mtupu, hunywa na kunata. Mbio za mwanzo tairi linauma. Baada ya saa mbili za kukanyagwa, udongo uleule umekauka na kusuguliwa na mpira mpaka unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Palipouma sasa panateleza. Udongo uliolegea umerushwa nje, umejikusanya kando ya ukuta kama tuta la viazi. Dereva anayejua huliegemeza tairi lake la nyuma la kulia kwenye tuta hilo, likamshika kama mkono wa mtu mgongoni. Akizidisha upana wa kiganja, atalipanda na kuupiga ukuta. Akipungukiwa, amebaki kwenye utelezi na wenzake wanampita kwa juu. Kwa hiyo njia ya saa moja jioni siyo njia ya saa tatu usiku, na hakuna atakayekwambia imehamia wapi. Unaisoma kwa rangi ya udongo, chini ya taa hafifu, vumbi likiwa limekujaa kinywani: weusi unaong'aa ni utelezi, wekundu uliokoza ni unyevu, na unyevu ndiyo kasi.

Kisha kona. Dereva anaachia mafuta kidogo na kuutikisa usukani kushoto. Uzito unahamia mbele na kulia, mkia wa gari unaachia na kutoka nje. Hapo mtu wa kawaida hukanyaga breki na gari likageuka likatazama lilikotoka. Dereva wa udongo hufanya kinyume cha hofu yake: anakata usukani kulia, kule mkia unakokwenda, halafu anakanyaga mafuta. Sasa magurudumu ya mbele yanatazama kulia, pua inatazama kushoto, na gari lenyewe linakwenda ubavu-ubavu likiifuata kona, likiongozwa na mguu wa kulia zaidi ya mikono. Ukiongeza mafuta mkia unatoka, ukipunguza unarudi. Ukimtazama dereva mzuri kutoka jukwaani utadhani ametulia. Ukiwa ndani utaona mguu wake hautulii hata nukta moja, kama wa fundi cherehani.

Dereva yeyote wa lori aliyevuka udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika anaijua nusu ya somo hili, ile ya kuiacha breki. Nusu ya pili, ya kukanyaga mafuta wakati gari limekwenda ubavu, tumeiona kwa macho kwenye Safari Rally. Miaka ileile Dale anachomoza, 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta alikuwa akishinda Safari mara nne mfululizo kwa Datsun. Ila dereva wa rali ana barabara yake peke yake na msoma ramani pembeni. Dale alikuwa na magari mengine mbele, nyuma na ubavuni, yote yanaserereka, na kila mmoja akiitaka futi ileile ya udongo wenye unyevu.

Kwa dereva aliyelelewa kwenye lami, kuteleza ni ajali iliyoanza. Kwa aliyelelewa kwenye udongo, kuteleza ndiyo kazi yenyewe. Gari lisiloteleza ndilo linalomtia wasiwasi. Naamini mengi tunayoyaita ujasiri wa Dale Earnhardt yametoka hapo. Hakuwa anaidharau hatari. Alikuwa tu nyumbani mahali ambapo wenzake walijiona wageni.

Mwaka 1972, kwenye uwanja wa Metrolina, baba na mwana waliwekwa kwenye mbio moja, magari ya madaraja tofauti yamechanganywa. Inasimuliwa kwamba Ralph, akiwa anaongoza, alimfikia mwanawe kwa nyuma akiwa tayari amemzidi mzunguko mzima. Dale alikuwa akihangaika kumpita mtu wa mbele yake. Akaona bampa ya baba yake imemgusa mgongoni, ikaanza kumsukuma, taratibu, bila kumyumbisha, mpaka akampita yule mtu. Kisha baba akaenda zake kumaliza kazi yake. Kusukuma gari linaloserereka kwa gari linaloserereka bila kuliangusha ni sawa na kumrekebishia mtu kofia ukiwa juu ya baiskeli na yeye juu ya yake.

Septemba 1973 moyo wa Ralph ulisimama akiwa nyumbani, umri wake miaka 45. Dale, miaka 22, alirithi magari na vifaa vya baba yake. Mtu wa kumuuliza hakuwapo tena. Miaka mingi baadaye, akiwa tajiri, bado alisema angetoa vyote ili baba yake awe hai aone.

Na kulikuwa na jambo jingine. Septemba 30, 1970, mwaka uleule Dale aliopanda gari la rangi ya waridi, daraja la juu la NASCAR liliendesha mbio zake za mwisho kwenye udongo, Raleigh, mshindi akiwa Richard Petty. Tangu siku hiyo fedha zote zilihamia kwenye lami, na udongo haukurudi katika daraja hilo mpaka 2021, ulipomwagwa juu ya uwanja wa Bristol. Kijana alianza kujifunza lugha mwaka ule wakubwa walipoamua kutoizungumza tena.

Mei 1975 alipewa gari la Ed Negre, Dodge namba 8, kwa mbio za maili 600 huko Charlotte. Namba 8 ilikuwa namba ya Ralph. Alimaliza wa 22, na nyuma yake tu alikuwa dereva mmoja aitwaye Richard Childress, ambaye hapo hakuna aliyejua angekuwa mwajiri wake. Baada ya hapo alipata magari ya kuazima, mbio moja leo, nyingine mwakani. Mwaka 1979 Rod Osterlund, mwenye timu, alimpa msimu mzima. Alishinda Bristol mwezi Aprili, akavunjika mifupa ya mabega kwenye uwanja wa Pocono, akakosa mbio nne, akarudi, na bado akatangazwa mgeni bora wa mwaka. Mwaka uliofuata akawa bingwa. Kuwa mgeni bora mwaka huu na bingwa mwaka unaofuata, hakuna aliyewahi kabla yake. Halafu Osterlund akaiuza timu, zikaja hamahama ambazo hazina utamu wa kusimulia, na 1984 akatulia kwa Childress. Mataji mengine yakafuata: 1986, 1987, 1990, 1991, 1993, 1994.

Alifanya nini juu ya lami ambacho wengine hawakufanya? Madereva wa mbio hizi wana malalamiko mawili tu, na wanayarudia kwenye redio mchana kutwa: gari limekaza, au gari limelegea. Gari lililokaza halitaki kuingia kona. Unakata usukani, nalo linaendelea kwenda ukutani, matairi ya mbele yakiburuzwa na kuila kasi. Gari lililolegea linaingia kona kwa furaha, ila mkia wake unataka kutangulia. Lililokaza humpa dereva usingizi mzuri. Lililolegea huwa na kasi, kwa sababu matairi ya mbele hayaburuzwi, lakini ni wachache wanaoweza kuliendesha maili 500 bila kuligeuza. Fundi hutafuta mahali katikati. Kwenye kituo cha matairi utamwona mtu amechomeka spana ndefu kupitia kioo cha nyuma na kuizungusha kidogo tu: anakaza au kulegeza springi ili uzito uhame kutoka tairi hili kwenda lile la mkabala. Mguso huo mdogo unatosha kubadilisha tabia ya gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu.

Mafundi wa Childress, chini ya Kirk Shelmerdine katika mataji manne kati ya yale sita, waliweza kumpa Dale gari legevu kuliko ambalo dereva mwingine angelikubali. Mkia ukianza kutoka, wenzake waliachia mafuta. Yeye alikata usukani kulia nusu kiganja na kuendelea kukanyaga. Alikaa chini sana kwenye kiti, ameegemea, karibu kama mtu aliye barazani. Nadhani alitaka makalio na mgongo vipate habari kabla ya macho.

Mei 1987, Charlotte, mbio za The Winston, mizunguko kumi ya mwisho. Bill Elliott aligusana naye mbele ya jukwaa kuu, na gari la Dale likatupwa nje ya lami, juu ya majani. Majani kwa kasi ile ni kama sabuni. Gari la mtu mwingine lingezunguka mara mbili na kuondoka na bango. Lake liliserereka, likanyooka, likarudi kwenye lami likiwa bado la kwanza. Wamarekani huliita tukio hilo kupita kwenye majani, ingawa hakumpita mtu. Alikuwa mbele alipoingia majanini na mbele alipotoka. Mimi nikiitazama kanda ile, sioni muujiza. Naona mvulana wa Metrolina ambaye kwa mara moja, katikati ya lami yote hiyo, amepewa tena sentimita kadhaa za udongo.

Kuna upande wa ufundi huu ambao siwezi kuusifu. Walimbandika jina la Mtishaji, na hakulikataa. Bampa ambayo baba aliitumia kumsukuma mwana bila kumyumbisha, mwana aliitumia kuwaondoa watu njiani. Agosti 1999, Bristol, mzunguko wa mwisho, alimgusa Terry Labonte kwa nyuma akamgeuza, akashinda, na watu wakamzomea akiwa juu ya jukwaa la ushindi. Alijitetea kwamba alitaka kumtikisa tu, si kumgonga. Mtu aliyekuwa na mguu wa namna ile, anayejua tofauti ya mguso na pigo kwa uzani wa kidole gumba, utetezi huo unamfunga zaidi kuliko kumwachia. Hapo mimi na mashabiki wake tunaachana njia.

Tunakutana tena Daytona na Talladega, kwenye hewa.

Viwanja hivi ni vikubwa mno, maili mbili na nusu na zaidi kidogo, kona zake zimeinuliwa nyuzi 31 na 33, na dereva anaweza kukanyaga mafuta mzunguko mzima bila kuachia. Adui hapa ni hewa. Mwaka 1960 Junior Johnson, kwa gari lililokuwa la polepole kuliko ya wapinzani, aligundua Daytona kwamba akijificha nyuma ya gari la mbele hewa inapasuliwa kwa ajili yake na yeye anavutwa bure; alishinda. Tangu 1988 injini katika viwanja hivi viwili zilizibwa pumzi kwa bamba lenye matundu madogo, ili kasi isivuke mpaka, na hivyo magari yote yakawa karibu sawa. Nguvu ikaishiwa thamani. Kilichobaki ni kujua hewa iko wapi.

Hewa, kama udongo, haina njia moja. Ukimsogelea mtu ubavuni, karibu na gurudumu lake la nyuma, hewa inayotoka kwenye pua yako inalipiga bawa lake la nyuma, naye anazuiwa kama amekamatwa shati. Ukimsogelea nyuma kabisa, unaipakia hewa kati ya bampa zenu na yeye anasukumwa kabla hujamgusa. Ukichelewa nusu ya urefu wa gari, umebaki peke yako kwenye upepo na watu kumi wanakupita. Madereva wenzake walisema Dale anaiona hewa. Alibaki na kofia ya wazi, isiyofunika uso, wakati wengine wameshahamia zile za kufunika. Sidhani aliiona hewa. Nadhani aliisikia kwenye mgongo wa kiti, gari likilegea uzani wa unyoya na kukaza tena, habari ileile iliyokuwa ikija kutoka kwenye tuta la udongo wa Metrolina. Alishinda Talladega mara kumi.

Oktoba 15, 2000, ikibaki mizunguko mitano, alikuwa wa 18 hapo Talladega. Ukitazama kanda yake usimtazame yeye; tazama mahali anapokwenda, sekunde moja kabla hajafika. Kila mara pana mlango ambao haujafunguka bado. Kenny Wallace alimganda nyuma akimsukuma, na wawili hao wakapita katikati ya kundi lililopangana safu tatu, bila kumgonga mtu, mpaka mbele. Ulikuwa ushindi wake wa 76 na wa mwisho.

Mbio za Daytona 500 zilimnyima ushindi mara kumi na tisa. Mwaka 1990 aliongoza hadi kona za mwisho, tairi likakanyaga kipande cha chuma likapasuka, akampisha Derrike Cope. Alipoupata hatimaye, Februari 1998, mafundi wa timu zote, pamoja na za madereva aliowahi kuwapiga ukutani, walijipanga njia nzima ya vituo vya matairi kumpa mkono mmoja mmoja akipita taratibu.

Februari 18, 2001 alikuwa hapohapo, mzunguko wa mwisho, nafasi ya tatu. Mbele yake yalikuwa magari mawili, yote mali ya timu aliyoimiliki yeye mwenyewe, ingawa aliendesha la Childress: la kwanza la Michael Waltrip, la pili la mwanawe, Dale mdogo. Nyuma yake lilikuwa kundi zima linatafuta upenyo. Hakushambulia. Alihama chini kumzuia huyu, akapanda juu kumzuia yule, akiipanua nafasi kati ya kundi na wale wawili, mpaka kona ya nne alipogusana na gari la nyuma na kwenda ukutani, na hakutoka akiwa hai. Waltrip alishinda. Mwana alimaliza wa pili, kwenye gari jekundu namba 8.